Umeme wa Bibi Chomsun

Lori la zamani la Pyo Doksu lilisikika kabla halijaonekana. Likianza tu kupanda kilima cha Saetmal, wazee wa upande wa pili walijua kwamba bado wana muda wa kutafuta viatu, kutoa pochi chini ya godoro na kujikokota hadi barabarani, maana lile dizeli lilipanda likikohoa na kunung'unika kama mzee mwenzao. Doksu aliuza tofu ya soya, samaki wa makareli, mayai, soksi, balbu, sumu ya panya, na kitu chochote ambacho bibi fulani alimwagiza safari iliyopita na akakumbuka kukileta. Alianza kuvizunguka vijiji vile vya milima ya Kangwon, Korea, nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa zilikuwa zimebaki za pembeni tu, na nyingi nyeupe.

Vuli ile lori halikupita ukaguzi wa moshi. Fundi alifunua boneti, akatazama, akaifunga taratibu kama anayemfunika marehemu shuka.

"Kaka, hili ulilitumia likatumika," akasema. "Liache lipumzike."

Jioni hiyo Doksu alikaa sakafuni na mkewe, Kumrye, wakimenya vitunguu saumu kwa ajili ya kimchi, kabichi ya kuchachusha ya msimu wa baridi. Kumrye alikuwa shemasi wa kanisa lao dogo pale mjini, mwanamke asiyependa kelele, na kila jambo la nyumba ile lilipimwa kwanza kwenye mikono yake.

"Tuseme la gesi," akasema.

"Kituo cha gesi kiko mwisho wa wilaya. Kila nikijaza, nusu siku imekwenda."

"La dizeli jipya?"

"Hawatengenezi tena saizi hii."

"Basi limebaki la umeme."

Lilibaki la umeme. Serikali ilichangia bei, mkoa nao ukaongeza, na baada ya makato hayo akiba yao ilitosha bila kukopa mahali. Kuchaji ukutani mwa nyumba yao kungekula pesa ndogo sana ukilinganisha na dizeli, na mambo ya kubadilisha oili yangekwisha. Kwa hesabu hiyo tu, hakukuwa na haja ya kupoteza usingizi. Tatizo lilikuwa baridi.

Walipokwenda dukani, kijana muuzaji aliwaambia kwamba lori lile linakwenda zaidi ya kilomita mia mbili kwa chaji moja.

"Mwezi gani?" Kumrye akauliza.

"Majira ya machipuko, mama."

"Na Januari?"

"Januari inategemea. Ukiwasha hita, umeme unakwenda na hita."

"Mume wangu anauza tofu milimani. Januari hawezi kuiambia ingoje machipuko."

Kijana akacheka kwa aibu, akawaongezea kahawa.

Walirudi nyumbani wakaitazama ramani. Mzunguko wote wa Jumanne na Ijumaa uliwezekana hata kwenye barafu, isipokuwa Saetmal. Kijiji hicho kilikuwa cha mwisho, nyuma ya kilima, na kupanda kilima kulikula chaji kuliko njia yote iliyotangulia. Kwenda lingefika. Kurudi, lingeweza kuzimika katikati ya theluji, mahali ambapo hata simu inashika kwa kubahatisha.

"Saetmal siku hizi kuna nani?" Kumrye akauliza, ingawa alijua.

"Baridi ikiingia, wengine wote wanashuka kwa watoto wao. Anabaki Bibi Chomsun."

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja."

"Ananunua nini?"

"Tofu moja. Makareli mmoja, akiwa na hamu."

Kumrye akaendelea kumenya. Hakusema neno la ukali. Akasema tu, "Baba Yerim, mimi simkatai mtu. Ila tofu moja haiwezi kulivusha lori kilima."

Doksu alijua ni kweli. Alijua pia jambo ambalo hakulisema: kwamba Bibi Chomsun alikuwa akitengeneza tofu yake mwenyewe, tamu kuliko ile ya kiwandani, kwa soya ya shamba lake. Miaka yote hiyo alikuwa ananunua tofu ya Doksu ili Doksu awe na sababu ya kuja.

Basi Ijumaa hiyo alipanda kilima na lile lori lake bovu akiwa na nia ya kuaga. Bibi Chomsun alikuwa tayari amesimama barabarani, mdogo, mgongo umepinda, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa na miaka themanini na minne, na mdomo usiozeeka.

"Umechelewa, wewe. Nilidhani umeoza pamoja na lori lako."

"Mama, nina neno."

"Useme ukiwa unakula."

Akamwingiza ndani, akampa supu ya soya na wali. Doksu alikula mpaka akaona aibu, ndipo akaeleza: lori jipya, umeme, kilima, baridi. Kwamba kuanzia Desemba mpaka barafu iyeyuke hatafika, lakini angemwomba mtu wa posta amletee mahitaji.

Bibi Chomsun alimsikiliza akichokonoa jino. Halafu akainuka akishika ukuta, akaenda kibarazani, akapiga soketi kwa kiganja. Ilikuwa ile ya mashine ya kukaushia pilipili.

"Hii ni nini?"

"Soketi, mama."

"Kwani umeme wangu una kasoro gani? Unafika, unachomeka, unakula, unalala kidogo, unakwenda. Posta hawajui kula."

"Ni umeme wa pesa, mama."

"Nani kakwambia naulipa? Anaulipa Kyuhwan."

Kyuhwan alikuwa mwanawe wa pekee, anafanya kazi ghalani, mjini Incheon. Bili za nyumba ile zilikatwa moja kwa moja kwenye akaunti yake huko, na Bibi Chomsun alisema hivyo kwa furaha ya mama aliyepata mahali pa kumchokoza mtoto wake.

Doksu alishuka kilima akipiga hesabu upya. Saa mbili za soketi ya kawaida hazijazi betri, lakini zinatosha kumfikisha juu, na kuteremka lori linajirudishia chaji lenyewe. Alipofika nyumbani akamweleza Kumrye. Kumrye alifikiri, akafuta mikono.

"Basi kwa upande wa Saetmal hesabu imekaa sawa," akasema. "Ila usile umeme wa mjane bure."

Wakanunua lori.

Siku lori hilo lilipofika Saetmal kwa mara ya kwanza, Bibi Chomsun alikuwa amejiandaa na chupa ya pombe ya mchele na samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe. Akalizunguka, akamwagia kila gurudumu tone, akanong'ona anachokijua yeye, kisha akamsukumiza samaki chini ya kiti cha dereva.

Doksu akakuna kichwa. "Mama, mke wangu ni shemasi."

"Mwambie ni kitoweo cha dharura."

Kumrye alimwona samaki yule aliposafisha lori Jumamosi. Asubuhi ile ile ya kulileta nyumbani alikuwa ameweka mkono juu ya boneti na kumwombea mumewe njia. Alimshika samaki kwa muda, akamrudisha alipokuwa.

"Maombi yangu yako juu, ya bibi yako chini," akamwambia mumewe. "Mungu anamjua kila aliyeomba kwa upendo."

Vijiji vingine havikulipokea kwa upole hivyo. Bi Malnyo wa kijiji cha kwanza, mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alitoka na kapu baada ya lori kumpita.

"Wewe! Siku hizi unatunyatia kama mwizi wa kuku?"

"Si kuna kipaza sauti, dada."

"Kipaza sauti chako kinasema makareli, makareli. Mimi masikio yangu yalizoea injini. Injini ndiyo ilikuwa inaniambia nivae suruali."

Doksu alicheka naye, lakini neno hilo alilisikia. Tangu hapo alipofika juu ya kilima cha Saetmal alipiga honi ndefu, ili bibi asitoke mapema kusimama kwenye baridi.

Baridi ya mwaka ule ilikuja na meno. Doksu alijifunza kuendesha bila hita. Alivaa suruali tatu, akajifunga blanketi kiunoni, akaweka chupa ya maji ya moto mapajani, na kioo kikishika ukungu alikipangusa kwa soksi za kuuza. Kila nyuzi ya joto aliyoinyima miguu yake ilikuwa kilomita ya kumfikisha Saetmal. Alifika kule vidole havimsikilizi, meno yanagongana, na akifungua mlango wa Bibi Chomsun aliona kama ameingia kwenye tanuri la mkate.

"Haa," alikuwa akisema, "hapa kwako ni peponi, mama."

"Vua viatu, pepo haina matope."

Alichomeka waya kibarazani, akala, kisha bibi akamwonyesha pale sakafuni alipotandika mkeka wake wa umeme, ule wa kulalia unaochomekwa ukutani na kupasha mgongo.

"Lala hapo. Mgongo upate moto."

Mkeka ulikuwa wa moto kila mara. Doksu alilala akisikia maungo yanafunguka moja moja, na bibi akikaa kando na fulana nene, sweta, kizibao na kofia, akichambua maharagwe.

"Mbona umevaa kofia ndani, mama?"

"Upara. Unataka niuonyeshe?"

Alijaribu kumpa hela ya umeme. Bibi akamkunjia ngumi. Basi akawa anaacha tofu mbili na makareli mnene mlangoni wakati wa kuondoka, na moyoni aliona wamesawazishana.

Siku moja, mkeka ukiwa unampasha mgongo, simu ya bibi iliita. Kyuhwan aliongea kwa sauti kubwa, kama watu wa ghalani wanavyoongea.

"Mama, bili ya umeme imepanda."

Doksu akanyanyua kichwa.

"Imepanda?" bibi akasema.

"Imepanda, na nimefurahi. Miaka yote nakuambia washa mkeka, washa mkeka, unaniambia ndiyo halafu bili inabaki pale pale. Sasa najua unawasha. Endelea hivyo hivyo, usinihurumie."

"Nawasha, mwanangu. Mpaka natoka jasho."

Akakata simu, akamkonyeza Doksu. Doksu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa hiyo umeme wa lori unahesabiwa kuwa wa mkeka, na mtoto anafurahi. Alimsimulia Kumrye usiku wakati wa chakula, na Kumrye naye alitabasamu. Kisha akashusha kijiko.

"Na mkeka wenyewe umeme wake uko wapi?"

"Wapi tena? Humo humo."

"Mm," akasema Kumrye. Wakaendelea kula.

Sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi iliangukia siku ya mzunguko, kwa hiyo Doksu hakutoka Jumanne ile. Kyuhwan alipangiwa zamu ghalani, hakupata ruhusa ya kwenda kwao. Sikukuu ilipokwisha, Jumatano, Kumrye alifunga vipande vya keki ya mchele kwenye kitambaa.

"Mpelekee. Kala sikukuu peke yake."

"Ijumaa nitapita."

"Mpelekee leo, Baba Yerim. Moyo wangu haujakaa vizuri."

Alikwenda bila bidhaa, na kwa kuwa hakuwa na vituo vingine aliona chaji itatosha. Akavaa suruali zake tatu vilevile kwa mazoea, ila alikuwa njiani muda mfupi, hakupata ganzi. Juu ya kilima akapiga honi. Hakuna aliyetoka.

Mlango haukuwa umefungwa. Alipoingia, baridi ilimgonga usoni. Ilikuwa baridi ya nyumba iliyozoea baridi. Bakuli la maji karibu na dirisha lilikuwa na utando wa barafu. Mkeka wa umeme ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba, umesimamishwa pembeni nyuma ya kabati, na waya wake umezungushiwa vizuri kama kitu cha mgeni. Bibi Chomsun alikuwa chini ya mafarishi manne, kofia kichwani, na pumzi yake ilitoka kama moshi mwembamba, ikikwaruza.

"Si Ijumaa leo," akasema.

"Si Ijumaa, mama."

"Sijatandika mkeka. Ngoja niuwashe."

Alitaka kuinuka kweli. Doksu alimshika mabega akayakuta mepesi kama ya kifaranga, yanaunguza kwa homa. Alisimama pale kati ya mkeka uliofungwa na waya wa soketi ya kibarazani, na kila alichokuwa amekiona msimu mzima kikageuka mbele yake: fulana, kizibao, kofia ya upara. Alikuwa akifika amegandishwa na lori, na kila nyumba angeiona ina joto. Na ule moto wa mgongoni mwake ulikuwa unawashwa honi ikilia juu ya kilima, unazimwa akishateremka.

Alipiga simu. Gari la wagonjwa halikuweza kupanda kwa sababu ya barafu. Wakamwambia amteremshe hadi njia panda ya chini, ng'ambo ya kilima, watamngoja pale. Akamfunga na mafarishi yote manne, akambeba, akamweka kwenye kiti cha pembeni. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu alinunue lori lile, akawasha hita mpaka mwisho.

Hewa ya moto ikaanza kupuliza. Namba za chaji zikaanza kushuka.

"Zima hiyo," bibi akasema, macho yamefumba. "Utaishiwa."

"Haiishi, mama."

"Hujachomeka. Umekuja hujachomeka. Zima."

"Nyamaza, mama, nakuomba."

Alipanda kilima akimwita Mungu kwa majina yote aliyoyasikia kanisani kwa mkewe. Juu kabisa taa nyekundu iliwaka. Kisha barabara ikainama, lori likaanza kuteremka, na Doksu akaiacha hita iendelee, hakuigusa, mpaka akaona gari jeupe la wagonjwa limesimama chini kwenye theluji.

Ilikuwa homa ya mapafu. Kyuhwan alifika hospitali na sare ya ghala, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa, akamkuta Doksu kwenye korido amekalia blanketi lake.

"Sielewi, kaka," Kyuhwan akasema. "Aliniambia anawasha mkeka. Bili ilikuwa juu. Nilikuwa naiangalia kila mwezi. Nikiona iko juu, nalala."

Doksu angeweza kunyamaza. Hakuna mtu angejua. Lakini alisimama, akamweleza yote: kilima, soketi, mkeka uliokunjwa. Alisema hesabu alizipiga yeye, na akazipiga na mke wake, na kwamba kulikuwa na mtu mmoja hawakumtia kwenye hesabu.

Kyuhwan akaketi kando ya blanketi.

"Asingeniambia kwamba anampa mtu umeme," akasema. "Angeona ananiongezea mzigo. Akaupunguza kwake." Akapangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa anakula na wewe?"

"Kila safari."

"Mimi nilikuwa natuma hela," Kyuhwan akasema.

Bibi Chomsun hakufa. Mungu alimbakiza, ila hakurudi alivyokuwa. Maneno yalianza kumtoroka, na nyuso nazo. Kyuhwan alimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee mjini Wonju, mahali safi, penye joto mchana na usiku. Nyumba ya Saetmal ilifungwa, umeme ukakatwa. Walioshuka kwa watoto wao walisikia habari, na machipuko yalipokuja hakuna aliyepanda tena. Doksu hakuwa na wa kumpelekea tofu nyuma ya kilima. Mzunguko wake ukawa mfupi, chaji ikawa inabaki, na Kumrye akamwambia sasa anaweza kuwasha hita. Hakuiwasha. Kumrye hakumlazimisha, Jumapili alimtia mumewe kwenye maombi pamoja na bibi, jina la mmoja likifuata la mwenzake.

Aprili walikwenda wote wawili kumtazama. Kumrye alikuwa amechemsha tofu laini, akaifunga kwenye chombo. Bibi Chomsun alikuwa kitandani karibu na dirisha, kichwa wazi. Nywele zake zilikuwa nyingi na nyeupe pe. Upara hakuwa nao. Alimwangalia Kumrye bila kumjua, na Doksu akadhani hatamjua na yeye.

Lakini alimshika mkono wa shati, akamvuta, akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa.

"Umechomeka?"

"Bado, mama."

"Hapa," akanong'ona, akinyoosha kidole chini ya kitanda chake. Ukutani, karibu na sakafu, palikuwa na soketi. "Chomeka upesi kabla hawajaja. Kilima kirefu."

Doksu akamtazama mkewe. Kumrye alikuwa amegeukia dirisha. Basi akapiga magoti sakafuni, mzee mzima, akatoa mfukoni chaja ya simu yake, akaichomeka.

"Inaingia?" bibi akauliza.

"Inaingia, mama."

"Haya," akasema Bibi Chomsun, akasogea pembeni kwa taabu kubwa ili kumpisha mahali pake palipopata moto. "Kaa hapa. Kula kwanza."